Wanane Wakishindwa

Nyapara wetu alikuwa hasemi uongo. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyewahi kufanya kazi chini yake, kuanzia Diani hadi Msambweni, huanza na hilo hilo, na hulisema kwa sifa. Mimi nalisema kwa uchungu. Nimedanganywa na watu wengi katika maisha yangu, wakubwa kwa wadogo, na hakuna uongo hata mmoja ulioniumiza kama ukweli wa mzee yule.

Alizaliwa wapi na ni wa mlango gani, sitaeleza. Wapo wa kuyaeleza hayo, tena kwa mashairi. Mimi nilimjua kazini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, naye tayari alikuwa na mvi za kutosha. Alikuwa mkavu, wa kimo cha kati, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua lilipotubabua migongo. Mfuko wa koti ulikuwa na karafuu kwa ajili ya jino. Jino hilo lilimtesa miaka yote niliyomfahamu. Aliahidi kwenda kuling'oa, akafika hospitalini, akaona sindano, akarudi kwa miguu akisema gari limechelewa. Hapana, nimekosea, hakusema hivyo. Mtu mwingine angesema hivyo. Yeye alituambia waziwazi: "Nimeiogopa, ndugu zangu. Ningesema sikuiogopa ningekuwa muongo." Tukacheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

Salamu hakuruhusu zikimbizwe. Kijana mmoja wa bara, siku yake ya kwanza kazini, alimwendea akamwambia, "Sasa mzee, mambo? Uko fiti?" Nyapara akamtazama kwa utulivu kabisa. "Nenda pale langoni, mwanangu," akamwambia, "uingie tena." Kijana akaenda, akaingia tena. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Na huko bara, wazazi wazima?" Alimuuliza habari za watu hata asiowafikiria kijana mwenyewe, ndipo akampa sepetu.

Na mimi alinifundisha hivyo hivyo. Nilifika Ukunda nikizungumza Kiswahili cha kuokota njiani, cha kuamrisha ng'ombe. Siku moja nilimwambia mkewe, "Nataka maji," na nyapara akanishika bega. "Maji hayatakwi, ndugu yangu. Maji huombwa." Tangu siku hiyo naomba. Kiswahili hiki ninachomsengenyea ni chake, kwa hiyo hata hapa namla kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa misingi. Msimu ule wa mvua ya El Niño, shimo ulilochimba asubuhi lilikuwa kisima adhuhuri, na kulikuwa na tajiri wa Diani aliyetaka kuongeza jengo la ghorofa kwenye hoteli yake. Wageni wa Ulaya walikuwa wameadimika baada ya zile vurugu za Agosti za kuwafukuza wabara, hoteli zimejaa popo, naye akasema huu ndio wakati wa kujenga, watakaporudi wakute vyumba. Akaleta injinia. Injinia akaleta nguzo za chuma, nyembamba, zenye bapa la kuzunguka karibu na ncha, mfano wa keekee ya seremala. Basi tukaziita keekee. Hazikuchimbiwa shimo. Keekee ilizungushwa ikazama yenyewe ardhini jinsi parafujo inavyozama kwenye ubao, na kadiri ilivyoshuka ndivyo tulivyomimina saruji nyepesi pembeni mwake, ikaifuata chini, ikaganda, chuma na saruji vikawa nguzo moja. Saruji hiyo tuliiita uji. Mimi na mwenzangu mmoja tuliyemwita Mrefu, mbara kama mimi, ndio tuliokuwa wapishi wa uji.

Mwanzoni keekee zilizungushwa kwa mtambo. Mtambo ukafa, kipuri kikawa kinangojwa kutoka ng'ambo, na tajiri hakuwa mtu wa kungoja. Nyapara akaleta duara. Miti miwili mirefu ilipishanishwa na kufungwa juu ya keekee, ikatoa mikono minne, na kila mkono ukashikwa na wanaume wawili. Wanane hao walizunguka wakisukuma kwa vifua, mmoja akiimbisha na saba wakiitikia. Sasa, mtambo ulikuwa na mshale wa kuonyesha keekee imefika pagumu pa kubeba nyumba. Duara haina mshale. Nyapara alikwenda kwenye keekee ya mwisho ambayo mtambo ulikuwa umeifikisha, akafunga duara yake, akaona kwamba wanaume wanane wakisukuma kwa nguvu zao zote hawaisogezi hata kidogo. Hicho kikawa kipimo. "Wanane wakishindwa," alisema, "imefika." Injinia alikubali, maana hakuwa na lingine, na tajiri alikuwa akimpigia simu kila siku.

Sentensi hiyo tuliipenda. Mtu akichelewa kuoa tulimwambia wanane wakishindwa, imefika. Mrefu aliitumia akishiba.

Hakupenda ugomvi, na hili lilikuwa zuri kwake na baya vile vile. Vibarua wawili wakianza kutoleana maneno, alimtuma mmoja akalete maji na mwingine akahesabu mbao, hata kama maji yapo na mbao zinajulikana. Sikumwona hata siku moja akisema nani ana makosa. Wengine waliita busara. Nami niliita hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi naona kwamba mtu aliyekuwa na haki alitumwa maji sawasawa na aliyedhulumu.

Lazima nieleze habari ya nyumba yake, ijapokuwa ingenipendeza kuiruka, kwa sababu inanifanya nishindwe kumchukia vizuri.

Ilikuwa Agosti ya vurugu, kabla ya kazi ya hoteli. Nilikuwa nimeshafanya naye kazi mbili tatu. Wabara walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, wengine wamejaa makanisani na magodoro yao. Mimi chumba changu kilikuwa nyuma ya Kona ya Musa, pale pale Ukunda, na nilipoona moshi nilikata vichochoro hadi kwake kwa sababu sikuwa na mwingine. Ilikuwa alasiri, wanakula. Hakuniuliza kitu. Alisogea, akanipa nafasi kwenye sinia kati ya wanawe wawili, akamwambia mkewe aongeze mchuzi. Nilikuwa na tonge mkononi walipobisha. Alikwenda mlangoni mwenyewe, na wali ungali vidoleni. Vijana walikuwa wengi na walikuwa na mapanga.

"Mzee, shikamoo. Kuna mbara humu?"

"Marahaba. Ndani ya nyumba hii kuna watu wa nyumba hii," akasema. "Wanakula. Karibuni."

Wakamtazama. Wote walijua kwamba nyapara hasemi uongo. Mmoja akasema, "Twende, mzee huyu hawezi kuongopa," wakaenda zao. Akarudi, akakaa, akaendelea kula. Nilipoweza kuzungumza nilimuuliza ilikuwaje akathubutu. "Sikuthubutu lolote," akanijibu. "Umekula sinia moja na wanangu. Wewe ni wa nani basi?"

Nilikaa kwake mpaka mji ulipotulia. Mkewe alinifulia nguo. Kwa hiyo mtu akiniambia nyapara alikuwa mtu mbaya, nambishia, na ninapomaliza kubisha nabaki na hasira yangu pale pale ilipokuwa.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Januari, keekee za upande wa kaskazini zimekwisha na tumeingia kusini. Hadi hapo duara ilikuwa ya mchanganyiko, wapwani na wabara, mabega yamegusana. Siku ya kuamkia mfungo nyapara alitupanga upya. Waliofunga wote aliwaweka kwenye duara. Sisi tusiofunga, yaani wabara, alituweka sote upande wa uji, mimi na Mrefu tukichanganya na wengine wakibeba mchanga na maji, akatuzungushia mabati ili tule na kunywa nyuma yake.

"Asiyefunga ana haki ya maji yake," alisema, "na aliyefunga ana haki ya kutoyaona."

Hakuna aliyelalamika. Mimi niliona ni ungwana mtupu, na mpaka leo nasema ulikuwa ungwana. Baada ya miezi ile ya kuwindana, mtu kukufikiria kiu yako na kiu ya mwenzako kwa pamoja lilikuwa jambo la kumwombea dua. Nyuma ya mabati tulikunywa chai kwa aibu kidogo, tukichungulia wale wanane wakizunguka juani na midomo imekauka. Nyapara alizunguka nao. Hakusukuma, lakini hakukaa kivulini hata dakika moja, na jino lake, na saumu yake, na koti lake. "Watu wangu hawalegei kwa sababu ya mfungo," alimwambia injinia. Alisema kwa majivuno, na majivuno hayakuwa kawaida yake.

Mpishi wa uji anajua sufuria yake. Keekee za kaskazini zilikuwa zikinywa makarai mpaka mikono inakufa ganzi. Hizi za kusini zikawa zinashiba mapema. Tunamimina, tunamimina, mara uji umefika juu na duara imesimama, wanane wameshindwa, imefika. Siku ya kwanza tulifurahi. Baadaye nikaanza kujiuliza. Nilimwendea nyapara alipotoka kuswali adhuhuri.

"Mzee, mashimo ya huku yanakunywa kidogo."

"Wanane wameshindwa?"

"Wameshindwa."

"Basi ardhi ya huku ni ngumu. Mshukuru Mungu, ndugu yangu, mmepunguziwa kazi."

Nikashukuru. Hata Mrefu alishukuru, naye hakuwa mtu wa kushukuru ovyo. Ardhi haikuwa ngumu. Ilikuwa mchanga ule ule wa Diani, na mwamba ulikuwa chini kule kule. Wanaume wanane ambao hawajaonja maji tangu alfajiri walikuwa wakishindwa pale ambapo wanane walioshiba wangeendelea kuzunguka. Kipimo chetu kilikuwa kimefunga pia. Lakini nani angelifikiria hilo? Ukiona mtu anasukuma mpaka macho yanatoka, huwezi kumwambia kwamba nguvu zake zote si nguvu zote.

Masika yalipofika, kuta za chini zimesimama na sakafu ya ghorofa imemwagwa, upande wa kusini ukazama. Haukuanguka, lakini ufa ulipanda kutoka msingini hadi kwenye dirisha, mpana wa kuingiza kiganja. Injinia akachimbua pembeni mwa keekee moja. Maji yalijaa kabla hajafika mbali, ila alichokiona kilimtosha: upande mmoja uji ulikuwa mwembamba, umechanganyika na mchanga uliobomoka. Kisha wakafungua stoo, wakakuta mifuko ya saruji iliyobaki, mingi kuliko ilivyotakiwa kubaki. Hapo kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza. Uji ulikuwa wa maji, wakasema, na saruji iliyopunguzwa ilikuwa imewekwa akiba ikauzwe.

Walituita mimi na Mrefu mbele ya kila mtu, palepale chini ya ufa. Nilisema nilichokijua. Nilisema mifuko imebaki kwa sababu mashimo yalikunywa kidogo, na yalikunywa kidogo kwa sababu keekee zimeishia njiani, wachimbe waone. Injinia akamgeukia nyapara.

"Hizi za kusini, wanane walishindwa?"

"Walishindwa wanane," akasema nyapara.

"Zote?"

"Zote."

"Na uji, alichanganya nani?"

Alitia karafuu mdomoni kwanza. Nilimwona akiitafuta mfukoni. Nikamtazama nikingoja, maana nilijua yule ni mtu wa namna gani, nilikwisha kuwa mtu wa nyumba yake.

"Wabara," akasema.

Basi. Neno moja, na lilikuwa kweli. Wale waliokuwa wakisukuma duara waliangalia chini, na sidhani kama walielewa zaidi ya kwamba limewapita. Tajiri alisema tushukuru hatupelekwi polisi. Mrefu alipanda basi la kwenda kwao wiki hiyo hiyo na sikumwona tena. Mimi nilibaki kwa ukaidi. Nilidhani jina husafishwa kwa kubaki. Nilizunguka kila palipokuwa na jengo, Ukunda, Gazi, mpaka kwenye majumba ya Wazungu kule ufuoni, na kila mahali kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Si wewe ndiye yule wa saruji?" Baada ya kilichotokea Agosti, mbara mwizi lilikuwa jambo jepesi kuaminika. Mwishowe nikajitwika mtumba, nikawa nauza mashati ya marehemu Wazungu kijiji kwa kijiji, mpaka Majoreni.

Sikwenda kwake. Mkewe aliniletea salamu mara mbili kupitia kwa watu, na mara moja akaniletea mkate wa sinia kwenye kitambaa. Niliula. Ulikuwa mtamu na nilimchukia mumewe huku nautafuna.

Nilimwona tena Ramadhani iliyofuata. Nilikuwa nimetoka kuuza Msambweni, nikasikia wimbo wa duara. Nyuma ya uzio wa makuti palikuwa na jengo linaanzwa, na katikati ya kiwanja wanaume wanane walikuwa wakizunguka. Nilisimama kwa mazoea. Kwanza nilitazama miguu yao, halafu nikaona chupa za maji zimepangwa kwenye tofali, na mmoja wao akatoka kwenye mti akanywa, akarudi. Nikatazama tena. Wote wanane walikuwa wabara. Upande wa pili, nyuma ya mabati, kwenye kivuli, walikuwa wale wazee wangu wa duara, na kofia zao, wamefunga, wanakoroga uji.

Nyapara alikuwa amesimama kati yao na koti lake. Aliniona. Hakujifanya hakuniona, ningemfurahia kidogo kama angejifanya.

"Shikamoo mzee," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo ulizoea.

"Marahaba ndugu yangu. U mzima? Biashara inakwendaje?"

"Umewageuza."

"Nimewageuza."

"Kwa nini?"

"Aliyefunga hana nguvu za asiyefunga. Anawahi kushindwa."

Alilisema kwa upole ule ule aliofundishia salamu. Nikamuuliza alilijua lini. Akasema Januari ile hakulijua, wallahi. Nilimwamini. Nikamuuliza, na siku ile chini ya ufa? Duara ilizunguka, ikazunguka tena.

"Siku ile nilikuwa nimelijua," akasema. "Ulipotaja keekee kuishia njiani, nikalijua."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba saumu imezamisha nyumba ya watu? Tajiri angesema kuanzia leo, mwezi ukiandama, Mwislamu hagusi kazi yangu. Na matajiri wengine wangefuata. Wale wanane wana watoto." Akaguswa na jino, akashika shavu. "Nyinyi mlikuwa wawili."

"Nilikula sinia moja na wanao."

"Ulikula," akasema. "Silisahau."

Singeweza kumpiga. Angekuwa muongo ningempiga. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba wapo hapa watu wote, wanane wa duara na wale wa uji, awaambie. Hata bila tajiri. Awaambie hawa tu, kwamba uji wangu ulikuwa uji. Nilimwomba. Sikusema nataka, nilisema naomba.

Duara ilikuwa imesimama, wamesikia tunazungumza. Mmoja wa wale wabara, kijana mwenye kifua kipana, alijifuta jasho akanitazama, mimi na mtumba wangu. "Mzee," akamuuliza nyapara, "huyu ndiye yule wa saruji?"

Wote wakangoja. Wenye kofia walisimamisha majembe yao ndani ya uji. Nyapara alitia mkono mfukoni, akakumbuka amefunga, akautoa mtupu.

"Ndiye aliyetuchanganyia uji kule hotelini," akasema. "Haya, shikeni miti."

Kijana akatikisa kichwa, akarudi mahali pake. Wanane wakaegemeza vifua, keekee ikaanza kuzama. Nilijitwika mtumba nikatoka. Hakuwa amesema uongo.